Ndege wa faraja: kumchonga na kumlainisha kwa ajili ya mkono wa mgonjwa

Swali: Mama yangu mdogo yuko kwenye matibabu ya saratani, na nimeamua kumchongea ndege mdogo wa mti wa kushika mkononi wakati anapokaa na dripu. Mimi si fundi. Nina kisu, msumeno mdogo na msasa. Nimeshachonga ndege watatu. Wa kwanza, wa tawi la jakaranda lililokatwa karibuni, alipasuka kifuani baada ya wiki mbili. Wa pili nilimpaka mafuta ya kitani mara tatu kwa siku moja, na hadi leo, wiki ya tatu, bado ananata. Wa tatu ana mdomo na manyoya mazuri na kila mtu anamsifu, lakini mama mdogo alimshika kidogo kisha akamweka mezani. Awamu inayofuata ya matibabu ni baada ya wiki sita. Nakosea wapi, na nifanyeje nipate ndege atakayemfaa?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na ndege wa tatu ingawa umemtaja mwisho, kwa sababu yeye ndiye mwenye jibu la swali lako lote. Ndege huyo alichongwa kwa ajili ya kutazamwa. Kila anayemsifu anamsifu kwa kumwona, na pengine hakuna hata mmoja kati yao aliyemfumbata kwa robo saa akiwa amefumba macho. Mama yako mdogo alimfumbata, na mkono wake ukagundua yale ambayo macho ya wengine hayakuyaona. Ndege wa faraja hukaa ndani ya kiganja kilichofumbwa, chini ya shuka, gizani, wakati usingizi umegoma kuja. Hapo mdomo uliochongoka huwa mwiba, mistari ya manyoya hukwaruza, na mkia mwembamba humfanya mtu aogope kuuvunja. Kwa anayetibiwa saratani jambo hili lina uzito zaidi, kwani baadhi ya dawa hizo huathiri neva za vidole na kuleta ganzi au hali ya kuchomwachomwa, na ngozi ya viganja inaweza kuuma kiasi kwamba hata mshono wa shuka humkera.

Kwa hiyo umbo la ndege huyu hupunguzwa hadi yabaki mambo machache tu: kichwa cha mviringo, shingo iliyobonyea kidogo, mgongo mpana, kifua kilichojaa, na mkia mfupi mnene. Hana miguu wala mabawa yaliyotengana na mwili. Mdomo wake ni kipeo tu cha kichwa, na ncha yake iwe butu kama kifutio cha nyuma ya penseli; ukiubonyeza kwa nguvu kwenye upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako, pale ngozi ilipo laini, usiache alama. Macho mimi siyaweki. Shanga hubanduka, na misumari midogo ambayo baadhi ya wachongaji huipigilia ni kosa kabisa kwa mgonjwa anayeweza kuitwa kwenye kipimo cha MRI, yaani mashine ya sumaku ya kupiga picha za ndani ya mwili, ambako chuma hakiruhusiwi kuingia. Uso usio na macho una faida nyingine niliyoigundua kwa kuwatazama watu: kila mmoja humpa ndege wake hali anayoihitaji, na yule yule anayeonekana kusinzia leo huonekana kusikiliza kesho.

Ukubwa wa kuanzia, kwa mkono wa mtu mzima wa wastani, ni urefu wa sentimita 9 hadi 10 kutoka mdomo hadi mkia, na upana na kimo cha sentimita 4.5 hivi pale kifua kilipojaa. Kwa mkono mdogo au uliokonda, shuka hadi urefu wa sentimita 8. Lakini kuna njia iliyo bora kuliko vipimo vyangu. Chukua donge la udongo wa mfinyanzi, au udongo laini wa watoto wa kuchezea usio na harufu, lenye ukubwa wa yai kubwa. Mpe mama mdogo alifumbate kidogo kidogo kwa mkono anaopenda kuutumia, bila kulikaza, kisha alirudishe. Utaona pale kidole gumba kilipolala, pale vidole vinne vilipozunguka, na uvimbe uliojaa katikati ya kiganja. Uvimbe huo ndio kifua cha ndege. Shimo la kidole gumba ndilo mgongo wake, nyuma kidogo ya shingo. Liache donge likauke na uliweke mbele yako unapochonga, kwa sababu hakuna mchoro utakaokueleza mkono wa mtu kwa usahihi kama huo.

Nilijifunza jambo hili kwa kuchelewa. Miaka kadhaa iliyopita nilimpa mzee mmoja ndege niliyeridhika naye sana, na baada ya miezi bintiye aliniletea nimpake mafuta upya. Nilipomgeuza kwenye mwanga wa dirisha niliona kwamba mwili wote ulikuwa bado na mng'ao wake, isipokuwa sehemu moja yenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, upande wa kushoto wa shingo, ambako mafuta yalikuwa yameisha kabisa na mti umeng'aa kwa namna nyingine, ile ya mpini wa jembe la zamani. Mkono wa kulia wa mzee ulikuwa na sindano ya dripu muda mwingi, kwa hiyo alimshika ndege kwa mkono wa kushoto, na kidole gumba kilikuwa kikienda na kurudi mahali pale pale. Mimi nilikuwa nimechonga kibonyeo cha upande wa kulia peke yake, kwa sababu mimi mwenyewe natumia mkono wa kulia. Tangu siku hiyo kila ndege wangu ana kibonyeo pande zote mbili za shingo, na namjaribu kwa mikono yote miwili kabla sijaanza msasa.

Sasa ndege wa kwanza, yule aliyepasuka. Tawi zima lina moyo katikati yake, na mti mbichi unapokauka hunywea zaidi kufuata mzunguko wa pete zake kuliko kuelekea kwenye moyo huo. Sehemu ya nje inataka kujifunga, ya ndani inazuia, na mvutano huo hauna pa kutokea isipokuwa kwa ufa. Ungemchonga kwa ustadi wa aina yoyote, ndege mwenye moyo wa tawi ndani ya kifua chake angepasuka. Jakaranda yenyewe si mti mbaya; ni mweupe, laini kwa kisu na hauna harufu kali, ila mara nyingi huchongwa ukiwa bado mbichi. Tawi likiwa nene vya kutosha, lipasue kwa urefu likipita katikati ya moyo, tupa ukanda mwembamba wa moyo wenyewe, na utumie nusu moja. Paka nta kwenye vichwa viwili vya kipande hicho, kwa kuwa maji hutoka haraka zaidi kupitia vichwani kuliko ubavuni, na nyufa nyingi huanzia hapo.

Mafundi husema kwamba ubao unaokaushwa kwa hewa huhitaji karibu mwaka mmoja kwa kila unene wa sentimita 2.5, nawe huna mwaka. Kwa ndege aliye mdogo hivi unaweza kumchonga nusu nusu: mtoe umbo ukiacha nyama ya ziada ya milimita 5 kila upande, mfunge ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na maranda yake mwenyewe, na umpime kwenye mizani ndogo kila baada ya siku tatu. Uzito unapoacha kushuka kwa wiki nzima, amekauka. Hata hivyo, kwa wiki sita ulizo nazo, ushauri wangu wa dhati ni kwamba usianze na mti mbichi. Tafuta kipande cha mti uliokwisha kukaa ndani ya nyumba kwa miaka: mguu wa kiti kilichovunjika, kipande cha kitanda cha zamani, ubao uliobaki kwa seremala. Hakikisha tu hakina rangi ya zamani, kwa kuwa rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na kwamba hakina msumari uliofichika ndani.

Kuhusu aina ya mti, tafuta wenye nyuzi za karibu karibu zisizobanduka, usio na harufu, na usio na utomvu. Mchungwa na mlimau ni miti mizuri mno kwa kazi hii, migumu kiasi na yenye uso unaokuja kuwa kama pembe. Mzeituni ni mzuri wa sura lakini hupasuka upesi ukikaushwa kwa haraka. Msonobari nauepuka: pete zake zina sehemu laini na sehemu ngumu zinazopokezana, msasa hula zile laini kwanza, na mwishowe ndege huwa na mawimbi ambayo jicho halioni ila kidole gumba huyahesabu moja moja. Mwerezi una harufu, na dawa za saratani huwafanya wengi wachefukwe na harufu ambazo zamani walizipenda. Mwembe una utomvu unaowasha ngozi za baadhi ya watu, hivyo hauna nafasi mkononi mwa mgonjwa. Mpingo ni mti wa heshima, na ndege wake anakaa mkononi kama jiwe la mtoni, lakini vumbi lake huwasumbua wengi, na yeye na jamaa zake wana kemikali ndani yao zinazozuia mafuta kukauka. Ukiwahi kumpaka ndege wa mpingo mafuta ya kitani, utapata tena ule mnato uliokuchosha.

Uzito nao ni uamuzi. Ndege wa vipimo nilivyokupa ana ujazo wa takriban sentimita 80 za ujazo, kwa hiyo akiwa wa mpingo, ambao huzama majini, atakaribia gramu 100, na akiwa wa mti mwepesi atakuwa na gramu 40 au pungufu. Kwa mtu aliyefiwa, mwenye mikono yenye nguvu na kifua kizito, naona uzito husaidia; kitu kinachoonekana kuwa na mwili hukaa naye. Kwa mgonjwa aliyechoka, ndege mzito humtoka mkononi na kuanguka kila anaposinzia, na kila akianguka mtu humhurumia. Mchongee mama mdogo ndege wa kati au mwepesi.

Chonga sasa. Kata kipande cha sentimita 5 kwa 5 kwa 10, nyuzi zikienda kwa urefu, kutoka mdomo hadi mkia, ili shingo na mkia visikatike. Chora mstari wa katikati unaozunguka kipande chote, juu, mbele, chini na nyuma. Mstari huu utaufuta kwa kisu mara nyingi, na kila ukifutika uuchore upya kabla ya kuendelea. Ndege wengi waliopinda walipinda kwa sababu mchongaji aliona anaweza kuukumbuka. Chora sura ya ubavuni upande mmoja na sura ya juu upande wa juu. Kata kwanza sura ya ubavuni kwa msumeno mwembamba wa upinde, rudisha vile vipande vilivyokatika mahali pake na uvifunge kwa utepe wa gundi, kisha laza kipande na ukate sura ya juu. Ukifungua utepe, vipande vitaanguka na ndege mwenye pembe za mraba atabaki mkononi. Kama huna msumeno wa aina hiyo, kisu peke yake kinatosha: ondoa pembe nne upate pande nane, ondoa pembe za hizo nane, na uendelee hivyo hadi mviringo ujitokeze wenyewe bila kuubahatisha.

Pale wanafunzi wangu wanapokwama ni shingoni, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Nyuzi za mti ni kama manyoya ya paka: upande mmoja kisu kinapita na kuzilaza, upande mwingine kinaziinua na kuzing'oa. Kwenye shingo zina miteremko miwili inayokutana. Ukitoka kichwani, shuka kuelekea shingoni na usimame pale chini kabisa. Kisha mgeuze ndege, utoke mgongoni na ushuke kuelekea shingoni kutoka upande wa pili. Kamwe usipitishe kisu kikaanza kupanda upande wa pili, kwani hapo ndipo kinapochimba na kung'oa kibanzi kikubwa kuliko ulichokusudia. Kisu kikipita vizuri, utayasikia maranda yakitoka kwa sauti ya kufanana na karatasi inayochanwa polepole, na uso unaobaki utakuwa unang'aa; kikipita vibaya, sauti hukatika katika na uso huwa mweupe wenye vumbi. Masikio yako yatakuonya kabla ya macho. Na kisu chako kiwe kikali muda wote. Kisu butu kinahitaji nguvu, na nguvu hiyo ikiteleza huishia kwenye kidole. Vaa glavu ya kuzuia kisu kwenye mkono unaoshika ndege, nami naivaa hadi leo, kwa kuwa kwa ndege mdogo kama huyu vidole havina pa kujificha.

Kwa msasa, anza na namba 80 ikiwa kuna alama za kisu, au 120 ikiwa umechonga vizuri, kisha 150, 220, 320 na 400. Kila namba ina kazi moja tu, nayo ni kuondoa mikwaruzo ya namba iliyotangulia, na anayeruka namba huishia kuisugua mikwaruzo hadi ing'ae badala ya kuiondoa. Kabla ya kila namba mpya, chorachora mwili wote kwa penseli kwa wepesi, usugue hadi penseli iishe, halafu mtazame ndege karibu na taa iliyowekwa ubavuni ili vivuli vifichue mabonde. Kifua na ncha ya mkia, ambako nyuzi zimekatwa vichwa, vitahitaji muda mara mbili ya ubavu. Usifupishe hapo. Fanya kazi hii nje au palipo na hewa ya kutosha, ukiwa na barakoa inayozuia vumbi laini. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995, na haifai zawadi ya mgonjwa imletee mtoaji ugonjwa.

Kuna hatua moja ambayo wengi hawaijui, na ndiyo inayotenganisha ndege laini wa siku moja na ndege laini wa miaka. Ukimaliza namba 220, mpanguse kwa kitambaa kilicholowa maji, umwache akauke hadi kesho yake. Utakuta amekuwa na vinyweleo, kama shavu la mtu asiyenyoa kwa siku mbili. Hizo ni nyuzi zilizolazwa na msasa, sasa zimevimba na kusimama. Ziondoe kwa 320 bila kukandamiza, lowesha tena, subiri, sugua tena. Mara ya pili zitasimama chache, mara ya tatu karibu hakuna. Usipozisimamisha wewe, zitasimamishwa na jasho la kiganja cha mama mdogo, na ndege aliyefika kwake akiwa laini atakuwa na makwaruzo baada ya siku nne. Mwisho mpitishie kipande cha pamba mwili mzima. Popote pamba inapoacha uzi, hapo bado.

Nije kwa ndege wa pili. Mafuta ya kitani hayakauki kama maji yanavyokauka. Hukamata oksijeni ya hewani na kugeuka kuwa utando mgumu, na kazi hiyo inahitaji hewa ifike kila mahali. Ulipompaka mara tatu kwa siku moja, ngozi ya juu ilianza kugeuka na kuyafungia yaliyo chini yasipate hewa. Mpanguse kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, ukiwa nje, hadi mnato utoke, umwache penye hewa na joto kwa wiki mbili, kisha mpige msasa namba 320. Atapona, na anaweza kumfaa mtu mwingine, ila si mama mdogo, kwa sababu harufu itabaki ndani yake kwa muda.

Siku nyingine ukitaka kutumia mafuta haya, paka kwa ukarimu, subiri dakika 15 au 20, kisha futa yote, yote kabisa, kana kwamba umejuta kuyapaka. Kinachotakiwa ni kile mti ulichokwisha kunywa. Rudia kesho yake au keshokutwa, mara mbili au tatu, na umwache ndege mwezi mzima kabla ya kumtoa. Mafuta yaliyoandikwa kwamba yamechemshwa kwa kawaida yametiwa chumvi za metali za kuharakisha kukauka, kwa hiyo nisingeyatumia kwa mtoto au kwa mzee aliyepoteza kumbukumbu, ambao huenda wakamtia ndege mdomoni; yale mabichi hayana metali hizo lakini ni ya polepole mno. Mafuta mengi ya kupikia hayakauki vizuri, nayo huvunda. Mafuta ya jozi hukauka vizuri, lakini muulize kwanza mpokeaji kama ana mzio wa kokwa.

Na hapa nakuomba unisikilize vizuri sana: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Oksijeni ile ile inayoyakausha hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa na kutupwa pembeni hulihifadhi joto hilo hadi kishike moto, saa chache baada ya wewe kwenda kulala. Vitandaze nje kimoja kimoja hadi vikauke vikakamae, au vitumbukize kwenye kopo la chuma lenye maji na kifuniko.

Nta ya nyuki peke yake ni laini na ya kupendeza, lakini kwenye kiganja chenye joto hulainika na kushika uchafu, na lazima irudiwe. Vanishi ya shelaki, inayotokana na wadudu na kuyeyushwa kwa spiriti, hukauka haraka na ndiyo hiyo inayotumika kufunikia baadhi ya vidonge. Ningeipendekeza kwa furaha kwa aliyefiwa au kwa mtu aliye nyumbani. Kwa hospitali haifai. Watu huko hupaka mikono dawa ya kutakasa yenye spiriti kila mara, na spiriti hiyo huyeyusha shelaki iliyokwisha kukauka, kwa hiyo ndege wako ataanza kunata upya siku ya kwanza ya matibabu.

Kwa mama yako mdogo, mwenye pua inayoweza kuchefukwa na wiki sita tu mbele yake, chaguo langu ni ndege asiyepakwa kitu chochote. Mfikishe hadi namba 600, kisha msugue kwa mgongo wa kijiko cha chuma, kwa nguvu ya wastani, ukifuata nyuzi, kwa muda wa nusu saa. Nyuzi za juu hujilaza na kujifunga, na mti ulioonekana mkavu hupata mng'ao wa ndani, kama wa kokoto iliyolowa. Kama umezisimamisha nyuzi kwa maji mara tatu, ataweza kupanguswa kwa kitambaa chenye sabuni kidogo na kukaushwa hapo hapo bila kuharibika. Asilowekwe, asianikwe juani. Mafuta ya mikono yake mwenyewe yatamtia rangi polepole. Kwa kuwa mti usiopakwa kitu hunyonya unyevu, ndege awe wake peke yake, asipokezwe kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine, na kabla ya kumpeleka waulize wauguzi, maana chembe nyeupe za damu zinaposhuka baadhi ya wodi huzuia vitu fulani kuingia.

Ndege wa tatu usimtupe. Fupisha mdomo wake kwa kisu, nenepesha mkia kwa kuukata mfupi, futa mistari ya manyoya kwa msasa wa 80, na uchimbe kibonyeo kila upande wa shingo. Atakuwa na umbo dogo kuliko sasa, na inawezekana kabisa kwamba yeye ndiye mama mdogo atakayemchukua. Ndege wa kwanza sisemi umzibe ufa kwa gundi na vumbi la mti, kwa kuwa ufa wa mti mbichi huendelea kufunguka, na kingo zake hubana ngozi. Mweke karibu na wewe umtumie kujaribia msasa na kijiko.

Utakapofika namba 220, kabla ya hatua ya maji, mpelekee ndege akiwa hajakamilika. Usimweleze kitu na usimwambie achague. Mwekee mkononi mkiwa mnazungumza mambo mengine, umwache naye kwa robo saa, na utazame kidole gumba kinakwenda wapi na mahali gani kinaparuka. Kisha muulize palipomsumbua, uweke alama ya penseli pale pale, na urudi na ndege nyumbani.